Kilio Kikavu cha Zalmen

Kwa msaada wa Mungu
Montreal, 30 Oktoba 1978

Dada yangu Perl,

Salamu zikufikie wewe, shemeji Anshel na wasichana wote watatu. Gitel umbusu mara mbili, maana ndiye peke yake anayejibu kadi zangu. Najua mgomo wa posta ya huku umechelewesha mambo, lakini wewe hata bila mgomo ni mvivu. Sisi hatujambo. Lipa bado yuko kiwandani kwenye makoti ya manyoya, anarudi jioni anapiga chafya mpaka supu inapoa. Mama mkwe magoti yamekataa kazi, mdomo uko vilevile. Theluji ya kwanza imetukuta tukibomoa kibanda cha sikukuu, Lipa akateleza na ubao wake, wanaume wa jengo zima wakamcheka.

Zalmen ametimiza miaka mitatu, tukamkata nywele kama ilivyo desturi. Dada, ungemwona! Watu arobaini sebuleni, kila mjomba anakata kishungi chake, peremende zinarushwa, naye anacheka kwa sauti. Ghafla akanyamaza. Uso ukamtoka madoa mekundu, viganja vikawa baridi kama vya maiti, Mungu aniepushie, na jasho likamwagika mpaka shati likashika mgongo. Halafu akaanza kutapika. Alitapika mpaka kesho yake mchana. Mama mkwe akasema ni kijicho, kuna mtu kamtazama vibaya.

Sikuandikii kwa ajili ya siku moja tu. Homa huja bila sababu na kuondoka bila sababu. Wiki iliyopita nilimkuta ameegemea hita ya ukutani anacheza na kigari chake. Nikavuta shati, mgongo umefanya malengelenge makubwa. Hakuwa amesema kitu. Nilipompaka dawa akalia, lakini si kwa kidonda, alilia kwa kuwa nilimnyang'anya kigari. Na ndipo nilipotazama vizuri. Alilia robo saa, uso mwekundu, mdomo wazi, na mashavu makavu. Nimekuwa nikitazama tangu siku hiyo. Mwanangu hana machozi, Perl. Hata tone.

Mke wa mchinja kuku ameninong'oneza kwamba huko New York kuna daktari anayeona watoto wa namna hii, na wengi ni watoto wa kwetu, wa Kiyahudi. Naomba nije nikae kwako siku chache. Chumba cha wasichana kinatosha, hata sakafuni nitalala.

Mdogo wako,
Frume


Kwa msaada wa Mungu
Brooklyn, 14 Novemba 1978

Frume mdogo wangu,

Mvivu mwenyewe! Nina nyumba ya watu watano, duka la soksi, na mume asiyejua kijiko kinakaa wapi. Tumefurahi kusikia Zalmen amekatwa nywele, aishi na akue katika mafundisho. Anshel hajambo. Mimi jino linaniuma, silitaji tena.

Sasa nikae sawa nikuambie habari, na wewe kaa chini. Gitel amepata. Bi Toibe mshenga amekuja mara nne, na mara ya nne hakuondoka mikono mitupu. Kijana anaitwa Nusen Rothbart, ana miaka ishirini, kichwa chake chuoni kinasifiwa na walimu, na familia yao, Frume, ni familia. Mama yake, Etya, akipita barabarani wanawake wanajiweka vizuri vitambaa. Wamekutana mara mbili sebuleni kwetu, mlango wazi, mimi jikoni najifanya napanga vikombe. Gitel alitoka masikio mekundu akasema, "Mama, amenichekesha." Basi kwa Gitel hiyo ni hotuba.

Kwa hiyo nisikilize. Si sasa. Mnajua huko kwenu wanavyoulizia, hapa wanaulizia mara kumi. Toibe ameshauliza bibi zetu walikufa kwa ugonjwa gani. Ukinishukia hapa na mtoto anayetapika mbele ya jengo zima, kesho yake watasema damu ya akina Gitel ina kasoro, na nyuma ya Gitel nina Blimi na Yides. Watoto hutapika. Watoto huwa na homa. Mpe supu ya kuku, nyepesi, ichujwe, iwe ya moto, vijiko vichache kila saa. Mama alitulea hivyo.

Na hayo ya machozi usimwambie mtu. Wala simu usipige, simu yenu iko kwenye korido ya mama mkwe wako.

Dada yako,
Perl


Kwa msaada wa Mungu
Montreal, 5 Desemba 1978

Dada Perl,

Hongera kwa Gitel, nimeruka jikoni kama mwehu niliposoma. Masikio mekundu! Wazungumze, wachekeshane, Mungu awape nyumba ya amani.

Nakuandikia kutoka hospitalini. Supu tulimpa. Mama mkwe alikaa naye kitandani kama malkia na bakuli lake, anapuliza, anaimba, kijiko kimoja kimoja, na mimi nikamwachia kwa sababu alimpa kwa mapenzi na kwa sababu wewe pia uliniambia. Zalmen alikohoa kidogo kila baada ya kijiko. "Anakohoa vizuri," akasema mama mkwe, "makohozi yanatoka." Siku ya pili midomo ikawa ya buluu. Tumekimbia naye kwenye teksi, Lipa bila koti.

Homa ya mapafu, pande zote mbili. Daktari wa wadi, msichana Mfaransa mwenye sauti ndogo, alinionyesha picha. Supu haikwenda tumboni, Perl. Imekwenda mapafuni. Anasema koo la mtoto halijui kujifunga kwa wakati, na vitu vyepesi ndivyo vibaya zaidi, maji, chai, supu iliyochujwa. Kila kijiko tulichompa kumponya kilikuwa kinamzamisha. Mama mkwe hajala tangu jana. Sijui nimwambie nini, maana nina hasira naye na nina huruma naye kwa wakati mmoja.

Daktari huyu ameona mtoto mmoja tu wa namna hii maishani mwake. Anasema niende New York, na kabla ya kwenda nitafute jibu la swali moja: je, kwetu, upande wa Mama au wa Baba, kuliwahi kuwa na mtoto mwingine kama huyu? Mama amekwisha kufa, wewe ndiye mkubwa. Uliwahi kusikia?

Frume


Kwa msaada wa Mungu
Brooklyn, 1 Januari 1979

Mdogo wangu,

Tumesoma Zaburi kwa ajili ya Zalmen, mimi na wasichana, wiki nzima ya Hanuka. Anshel ameacha jina lake sinagogi aombewe. Mungu amrudishie nguvu.

Uchumba umefungwa! Walikuja Rothbart wote, pamoja na shangazi zao watatu waliovaa lulu. Nilipika samaki wa kusaga, ulimi wa ng'ombe, keki ya asali na keki ya mbegu, na bado Anshel akaniuliza kama chakula kitatosha. Mkataba ukasomwa. Kisha mimi na Etya tukashika sahani ya kuvunjwa, kama desturi, nikaifunga kwenye leso isije ikamrukia mtu, tukaipiga pamoja kwenye kona ya kiti. Ilipasuka mara moja. Wanawake wakapiga kelele za "Heri! Heri!" na Etya akanishika mkono kwa nguvu hadi pete ikaniuma. Ana mikono baridi yule mwanamke. Nimekutilia picha humu, mimi ni yule mnene.

Unajua maana ya sahani. Rabi amewakumbusha wote: ni afadhali waoane na kuachana kuliko kuvunja ahadi iliyofungwa hivi. Harusi ni Juni, baada ya sikukuu ya kupewa Sheria. Miezi mitano na kitu. Basi vumilia miezi hiyo, ulete mtoto baada ya harusi, nitakutandikia kitanda mimi mwenyewe na nitakwenda na wewe kwa huyo daktari nimebeba mfuko wako.

Gitel anakusalimu. Anajifunza kutia saini kwa jina la Rothbart.

Perl


Kwa msaada wa Mungu
Montreal, 9 Januari 1979

Dada,

Picha imefika. Wewe si mnene, umevaa vibaya.

Zalmen ametoka hospitali. Analishwa uji mzito na viazi vya kupondwa. Maji tunayatia unga yawe kama gundi. Anasema "Mama, mvua," akitazama bomba, maana anatamani maji yanayotiririka.

Hukujibu swali. Nilikuuliza kama kulikuwa na mtoto mwingine.

Frume


Kwa msaada wa Mungu
Brooklyn, 23 Januari 1979

Frume,

Sisi wazima. Nguo ya Gitel imekatwa, fundi ni mwizi. Barafu imejaa ngazini.

Maswali ya madaktari ni ya madaktari. Mama alikuwa na mengi ya kuhuzunikia, mwache apumzike.

Perl


Kwa msaada wa Mungu
Montreal, 20 Februari 1979

Dada yangu Perl,

Salamu kwa wote. Lipa mzima, mama mkwe ameanza kula. Nasema haraka haraka kwa sababu nina jambo, na ukilisoma utanitukana, basi nitukane ukimaliza.

Tulikwenda. Mimi na Lipa na Zalmen, kwa basi, wiki iliyopita, tukalala hotelini Manhattan mtaa wenye kelele. Nilikuwa daraja moja tu kutoka kwako na sikukupigia simu. Nililia kwa hilo, lakini singeweza kungoja Juni. Usiku mmoja kabla ya safari alilia kwa hasira mpaka akasahau kuvuta pumzi, akawa mweusi mikononi mwangu, na mwili wake haukumkumbusha. Nilimpiga mgongoni ndipo akavuta.

Daktari ni wa kwetu, ijapokuwa hana ndevu. Alimgonga Zalmen goti kwa nyundo ndogo, mguu haukuruka. Akamulika ulimi, akaniita nitazame: laini kana kwamba umenyolewa, hauna vile vipele vyekundu vya kuonjea. Nimembusu mtoto huyu miaka mitatu na sikuwahi kuutazama ulimi wake. Akampima presha amelala, ikawa juu. Akamsimamisha, ikaporomoka hadi Zalmen akakaa chini mwenyewe.

Kisha akaniuliza, "Mama, moyo wako unapiga sasa hivi. Umeuamuru?"

Nikasema hapana.

"Chai uliyokunywa inasagwa tumboni. Umeiamuru? Ukitoka nje kwenye baridi, mishipa yako itajibana kutunza joto. Ukiingia humu, itaachia, utatoka jasho. Ukisimama ghafla, damu haikimbilii miguuni yote, kuna kitu kinaishika. Ukisikia habari mbaya, macho yanajaa. Nani anafanya?"

Lipa, unamjua, akasema, "Mwenyezi Mungu."

"Sawa," daktari akasema, "na amewaajiri watumishi. Kuna mishipa ya fahamu unayoiamuru, inua mkono, tembea, sema. Na kuna mingine haikungoji wala haikuulizi, iko kazini ukilala na ukiamka. Watumishi hawa wa pili wa Zalmen walizaliwa wachache. Ndiyo maana homa inakuja ovyo. Ndiyo maana furaha kubwa inamtapisha: mwili unawaka kwa furaha na hakuna wa kuuzima."

Nikafikiria jiko letu la Sabato, tunaliwasha Ijumaa na hakuna anayeruhusiwa kuligusa mpaka kesho yake jioni, na chakula kinaiva chenyewe tumelala. Kwa Zalmen moto huo mara unazima, mara unaunguza sufuria. Nikamwambia daktari hivyo, akacheka, akasema atawaambia wanafunzi wake.

Dawa ya kuponya hakuna. Kuna dawa ya kumtuliza akianza kutapika, matone ya macho yasikauke na kupasuka, chumvi zaidi, vitu vizito. Na kuna kumtazama. Kila wakati, kwa kuwa mwili wake haujitazami. "Wengine hufika ukubwani," akasema. Sikumuuliza wangapi.

Halafu akatueleza jinsi ugonjwa unavyoingia. Haushiki kama mafua wala hauletwi na kijicho. Mtu anabeba mbegu yake na ni mzima kabisa, hajui, anakufa mzee hajui. Lakini mwenye mbegu akioana na mwenye mbegu, basi kila mimba ni bahati nasibu, mtoto mmoja kati ya wanne. Mimi ninayo. Lipa anayo. Wewe, dada yangu wa tumbo moja, huenda unayo, na huenda umempa Gitel. Hakuna kipimo cha kujua.

Hapo ningeishia kama si sebule ya kungojea. Tulipotoka kwa daktari aliingia mwanamke wa kwetu, amevaa vizuri, na mvulana wa miaka kumi na miwili hivi, mgongo umepinda, miwani mizito, anatembea kama mtu aliye kwenye meli. Yule mwanamke alinitazama, akageuza uso ukutani. Nikasema moyoni, huyu nimemwona wapi? Nimemwona kwenye picha yako, Perl, ameshika sahani.

Muuguzi akaita, "Bi Rothbart." Nilibaki nimesimama. Yeye akanikaribia, akasema polepole, "Una pua ya Perl." Kisha akanishika mkono. Mikono baridi, ulisema kweli. "Nakusihi. Nina wasichana wanne baada ya Nusen. Hujaniona."

Yule mvulana ni mdogo wake Nusen, aliniambia mwenyewe. Wanamficha kwa shangazi, nje ya mji.

Dada, unaelewa ninachokuambia? Nusen huenda anayo mbegu, tena kwake uwezekano ni mkubwa. Gitel huenda anayo.

Frume


Kwa msaada wa Mungu
Brooklyn, 2 Machi 1979

Frume,

Sina salamu.

Umenizunguka. Umekuja mji wangu kama mwizi, umelala hotelini kama mtu asiye na ukoo, na sasa unanitumia hii barua kwa posta, mikononi mwa kila mtu! Ingefunguliwa na Blimi je?

Umekosea mtu. Rothbart wako wengi New York kama njiwa. Etya hana mtoto mgonjwa, Toibe ameulizia kila kitu, Toibe anajua hata meno yao ya bandia. Umechoka, hulali, mtoto wako anaumwa na sasa unaona ugonjwa kwa kila mtu. Nakuhurumia. Lakini usiitie nyumba yangu moto kwa sababu yako inaungua.

Kadi zimeshachapwa. Watu mia nne.

Perl


Kwa msaada wa Mungu
Montreal, 12 Machi 1979

Dada yangu,

Kesho ni sikukuu ya Purimu. Zalmen atavaa taji la karatasi na hatapelekwa kwenye kelele, tutamchezea hapa watu watatu polepole, asifurahi kupita kiasi. Fikiria kumwombea mwanao asifurahi kupita kiasi.

Sijakosea mtu. Alisema jina lako.

Hukuwepo, basi nikuambie ilivyo. Asubuhi namwekea matone machoni, kwa kuwa yakikauka kioo cha jicho kinachubuka naye hasikii maumivu. Nampima joto kabla ya kula na baada ya kula. Nikimwinua kitandani namwinua hatua kwa hatua, la sivyo anaanguka. Silali usingizi mzito tena, sikio langu liko kwenye pumzi yake. Ananikumbatia, anasema "Mama mzuri," na mimi nahesabu kama moyo wake unakwenda haraka mno. Nampenda mpaka tumbo linaniuma. Na simtakii Gitel hata siku moja ya haya, hata kama ni moja kati ya nne, hata kama ni moja kati ya mia.

Mimi na Lipa hatukujua. Hakuna aliyetuambia kitu. Gitel ana mtu anayejua, na ni wewe.

Ukitaka kunichukia, nichukie. Lakini nenda kwa Etya.

Frume


Kwa msaada wa Mungu
Montreal, 22 Aprili 1979

Dada Perl,

Pasaka imepita bila hata kadi kutoka kwako. Mwaka wa kwanza tangu niolewe. Nimepiga simu mara mbili, shemeji amesema uko dukani, na sauti yake haikuwa sawa.

Zalmen alipata shida nyingine wiki iliyopita, ikapita kwa dawa. Anajua kuhesabu mpaka kumi na mbili, kumi na tatu haitaki.

Sikusihi tena. Nataka tu kujua kama uko mzima.

Frume


Kwa msaada wa Mungu
Brooklyn, 20 Mei 1979

Frume, mdogo wangu wa pekee,

Ni mzima. Anshel mzima, amekonda kidogo, hapungukiwi. Jino nimeling'oa. Wasichana nitakuja kwao.

Nilikwenda kwa Etya. Si mara moja. Nilikwenda baada ya Purimu nikiwa na kikapu cha zawadi ya sikukuu iliyochelewa, nikakiacha mlangoni na kukimbia kama mtoto. Nikaenda tena kabla ya Pasaka, nikamkuta anasugua makabati, tukazungumza habari za makabati saa nzima. Mara ya tatu sikubeba kitu. Nikakaa jikoni kwake nikasema, "Etya, wako anaitwa nani?"

Alijua. Alizima jiko kwanza. "Usher," akasema. "Wa mdogo wako?"

"Zalmen."

"Anatapika asubuhi?"

"Sijui. Mimi sijamwona. Nilimkataza asije."

"Mimi wangu nimemkataza asirudi," akasema. Basi tukakaa. Nilidhani nitamfokea, nilikuwa nimejiandaa njia nzima, mwongo wee, mnafiki wee, ulishika sahani na mimi ukijua! Lakini na mimi nilishika sahani ileile. Nikamwambia twende kwa Rabi. Akasema, "Wasichana wangu, Perl." Nikasema, "Na wangu." Akalia yeye, mimi nikabaki nasugua meza iliyo safi.

Rabi alitusikiliza sisi wawili na Anshel. Kisha akasema kwamba sahani ni sahani na mtoto ni mtoto, na kwamba yeye ataibeba dhambi ya kuifungua ahadi hiyo kama ipo. Wale vijana wawili waandikiane msamaha, kila mmoja amsamehe mwenzake, ndiyo sheria.

Ikabaki tutawaambia watu nini. Harusi ya watu mia nne haivunjiki kimya. Nilikaa na Gitel kitandani kwake nikamwambia yote: Zalmen, Usher, mbegu, moja kati ya nne. Alisikiliza anakunja kona ya shuka. Akauliza, "Na kama mimi sina?" Nikasema huenda huna, hakuna wa kutuambia. "Na kama yeye hana?" Nikasema huenda hana. Nikaona anataka kuendelea kuuliza mpaka apate swali lenye jibu zuri, halafu akaacha.

Akasema, "Sema mimi ndiye niliyekataa. Sema sikumpenda."

"Gitel, watakuita jeuri. Nani atakuletea mtu?"

"Msichana jeuri watamsema mwaka mmoja, wachoke. Ugonjwa watausema mpaka Yides awe na mvi. Na wale wanne wa Bi Etya." Ana miaka kumi na tisa, Frume. Na mimi nilikubali. Nilimwacha abebe, mtoto wangu, kwa sababu alikuwa na akili na mimi sikuwa na nyingine. Sasa Bi Toibe akipita dukani kwangu anavuka barabara. Mwanamke mmoja bucha aliniambia mbele za watu, "Wasichana wa siku hizi, wanadhani bwana harusi ni kiatu cha kujaribu." Nikalipia nyama nikatoka. Ningemrushia ile nyama.

Sasa swali lako. Uliniuliza mara mbili na mara mbili nikanyamaza, kwa sababu Mama aliniapisha siku moja kabla ya harusi yangu, na mimi nilikuwa na miaka kumi na nane na niliogopa kama leo.

Tulikuwa na kaka. Kabla yako. Shmelke. Alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi Ujerumani, vita vilipokwisha, sisi tunangoja karatasi za kuja Amerika. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja na nilikuwa mama yake wa pili. Homa, madoa, mikono baridi, maziwa yanamtokea puani. Alilia bila chozi. Wanawake wa kambini walisema sisi tulimaliza machozi yote kule vitani, ndiyo maana mtoto amezaliwa bila. Mama aliamini. Alikuwa akimlaza mapajani anampapasa chini ya jicho kwa kidole, anatafuta kama pana unyevu. Hakufika mwaka. Mwambie daktari wako: kulikuwa na mtoto mwingine, mwana wa mama yetu, na jina lake mwambie pia.

Lete Zalmen wakati wowote. Nimeuliza kwa Etya wanachompa Usher, nimenunua unga wa kuyatia maji uzito, nimejaribu mwenyewe, ni mbaya sana.

Gitel aliandika karatasi yake ya msamaha Jumanne. Aliandika kwa mkono mzuri, akaikunja, akampa baba yake, akala chakula chake. Kisha akaingia chumbani. Tangu siku hiyo analia, Frume, hataki nimshike, analia amenipa mgongo. Jana alipolala nilikaa pembeni yake nikagusa mto. Ulikuwa umelowa mpaka upande wa pili. Nikabaki nimeushika, na Mungu anisamehe, nilishukuru.

Dada yako,
Perl